Mitoo Chungu, Mitoo Tamu na Maonevu Niliyotendewa

Jumatatu, 12 Mei 2025

Mvua tangu saa nane. Nimelowa. Nimedhulumiwa.

Niandike kwa utaratibu, kwa sababu siku moja mtu atataka ushahidi. Mimi, Lawrence Kituyi, karani wa kumbukumbu katika kituo cha mbegu za mboga za kienyeji hapa Eldoret, nimebakiza siku nne za mkataba wa majaribio. Ijumaa, Madam Jemutai, meneja wetu, ataamua nani aajiriwe kabisa: mimi au Kiplimo, mwenzangu wa majaribio. Nafasi ni moja. Mama yangu kule Kimilili ameshatangaza kanisani kwamba nimeipata. Waumini walisimama wakapiga makofi. Siwezi kwenda kuwaambia wakae chini.

Alhamisi ni siku ya wageni. Kina mama wauza mboga wanakuja kutazama vitalu vyetu vya mitoo, ile mboga ya majani ya kienyeji, na kuchagua mbegu. Vitalu ni kumi na viwili. Sita ni vya mitoo chungu, sita vya mitoo tamu. Havikupangwa kwa zamu. Vimechanganywa, mara chungu mbili zikifuatana, mara tamu mbili, na mpangilio wenyewe sikumbuki. Madam anasema utafiti ndivyo unavyotaka, ili aina moja isikalie udongo mzuri peke yake. Sawa. Basi kinachomwambia mtu ipi ni ipi ni lebo za plastiki zilizochomekwa kila kitalu.

Lebo hizo aliziandika Kiplimo. Mwandiko wake! Utadhani kuku amekanyaga wino akifukuzwa. Mtu aliyesoma hawezi kuwaonyesha wageni kitu kama hicho. Kwa hivyo asubuhi niling'oa lebo zote nikazisafisha kwa spiriti na kuziandika upya, herufi kubwa, na majina ya kisayansi. Crotalaria brevidens kwa ile chungu. Crotalaria ochroleuca kwa ile tamu. Nimejizoeza kuyatamka mbele ya kioo.

Na mimi si mjinga! Kabla ya kung'oa niliweka jiwe jeupe kwenye kila kitalu cha chungu, na jiwe jeusi kwenye kila kitalu cha tamu. Tahadhari ndiyo tabia yangu.

Saa sita narudi na lebo zinang'aa. Hakuna jiwe hata moja! Mama wa palizi amepita. Mawe yote ameyarundika kando ya lango, vizuri sana, kama mtu anayetaka kuanza jiko. Nikamuuliza kwa nini. Akasema shambani jiwe halipaliliwi, linatupwa, na akataka kujua ni mpumbavu gani aliyeyaleta. Nikamwambia nitalichunguza jambo hilo.

Hapo ndipo Kiplimo akapita, viatu vya mpira miguuni, akiimba. Akatazama vitalu vilivyo uchi. Akaniambia eti, bro, kama mpangilio umekupotea, ramani iko kwa daftari langu, nikupigie picha? Akatabasamu, meno yote nje.

Mtego! Leo picha, kesho Madam anaambiwa Kituyi hajui chungu na tamu. Nikamjibu kwa upole kwamba kila kitu kiko chini ya mpango.

Sasa inabidi niwe na mpango.

Jumanne, 13 Mei 2025

Nimekaa na kitabu cha kituo tangu saa moja asubuhi. Kitabu kinasema tofauti kubwa iko kwenye maganda ya mbegu. Ya mitoo tamu ni manene, yamefura kama puto. Ya mitoo chungu ni membamba. Vizuri sana! Ila mitoo yetu haijazaa ganda hata moja. Wanaoandika vitabu hivi hawana habari na watu wenye Alhamisi.

Ukurasa wa pili: majani ya chungu ni kijani chenye usamawati kidogo, ya tamu ni kijani kilichochangamka. Nimesimama kati ya vitalu nusu saa. Sikuona jani lililochangamka. Mimi mwenyewe sikuwa nimechangamka.

Ndipo akili ikafanya kazi. Rangi hupimwa kwa rangi! Saa tatu nikaenda kwa duka la vifaa vya ujenzi, nikaomba ile kadi yenye rangi zote za kupaka nyumba. Muuzaji, kijana mmoja anayeitwa Irungu, akasema kadi ni ya wateja. Akauliza nyumba iko wapi. Nikasema Kaptagat. Akauliza vyumba vingapi. Nikasema sita. Sijui kwa nini nilisema sita. Naishi chumba kimoja mtaa wa Munyaka, na mlango haufunguki vizuri kwa sababu ya kitanda. Irungu akaniita mheshimiwa, akanipa kadi, akachukua namba ya simu.

Saa nne, juani: vitalu vyote kumi na viwili vilikuwa rangi ya "Chai Changa". Saa tisa, wingu likiwa juu: vyote "Ziwa Tulivu". Mmea gani huu usio na msimamo?

Kiplimo akaniona nimepiga magoti na kadi. Akauliza kama napaka mboga rangi. Wafanyakazi wawili wakacheka mpaka wakaegemea majembe. Kisha akarudi, akasema kwa sauti ya chini kwamba picha ya ramani anaweza kuituma kwa simu saa hiyo hiyo, ni dakika moja tu, na hamwambii mtu. Hamwambii mtu! Asiyetaka kumwambia mtu hakumbuki kusema hamwambii mtu. Nikakataa kwa heshima.

Irungu amepiga simu mara nne. Anataka kujua kama dari nazo ni kijani.

Jumatano, 14 Mei 2025

Maua! Kitalu cha tatu kimefungua maua asubuhi hii. Njano, na vimishipa vya zambarau. Nikayachora kwenye daftari, nikaandika saa na dakika. Nikakimbia kitalu cha nne, maana nacho kimefungua.

Njano, na vimishipa vya zambarau!

Niliketi chini kwenye matope. Hebu mtu anieleze. Mimea miwili yenye heshima zake, kila mmoja na jina lake la Kilatini, inatoka hadharani imevaa sare moja kama watoto wa shule. Haina aibu. Kitabu kinasema ua la moja limepauka kidogo kuliko la nyingine. Nililipeleka la kwanza kwa la pili. Likaonekana limepauka. Nikalipeleka la pili kwa la kwanza. Nalo likapauka. Mwishowe nadhani ni mimi niliyepauka.

Basi nikaamua: ulimi. Chungu ni chungu, haiwezi kujificha. Nikatafuna jani la kitalu cha kwanza. Chungu. La pili, chungu. La tatu, chungu. Kufika la saba hata mate yangu yalikuwa chungu. Nikapiga mswaki ofisini ili nianze upya. Baada ya dawa ya meno jani la nane lilikuwa kitu ambacho sitakiandika hapa. Mama wa palizi akanikuta nimeinama juu ya kitalu, mdomo umejaa majani. Akaniuliza kwa huruma kama leo ofisini hakuna chai.

Sikukata tamaa. Mpango wa tatu ulikuwa bora kuliko yote, na ulivunjwa na upishi mzuri.

Mwenye nyumba wangu ni Mama Selpha, mtu wa kwetu upande wa Bungoma, ana kibanda cha chakula pale Munyaka. Nilimpelekea vicha viwili vya mitoo. Cha kitalu cha pili nilikifunga kwa uzi mwekundu, cha kitalu cha tatu kwa uzi mweupe. Nikamweleza polepole: hiki sufuria hii, hiki sufuria ile, maji na chumvi tu. Akaitikia. Nikaenda kuoga.

Kurudi nakuta sufuria moja! Ndani yake mitoo yote, imechanganywa na kunde, imetiwa munyu, imemwagiwa maziwa. Nyuzi zangu mbili ziko kwenye takataka. Nilishika kichwa. Mama Selpha naye akakasirika kunishinda. Akauliza tangu lini mtu mwenye watu wake akapika mitoo peke yake, bila mboga ya pili. Akasema munyu ndio unaotoa uchungu, yale maji ya majivu ya maganda ya maharagwe, na maziwa yanamalizia kazi. Au nataka wateja waseme Selpha anauza dawa ya malaria? Akaniambia, kijana wetu, huko chuoni walikufundisha nini hasa?

Nikamweleza, bila kutoa siri za ofisi, kwamba nilitaka kujua ipi ni chungu na ipi ni tamu. Akasema ningemwonyesha tu majani mabichi kabla hajayakata, angenijibu akiwa bado anamenya vitunguu. Akasema nimletee mengine asubuhi.

Sikutaka. Mimi ndiye niliyesoma. Ikijulikana kwamba karani wa kituo cha mbegu anapeleka mboga kibandani ziamuliwe, nimekwisha.

Nilikula sahani tatu. Ilikuwa tamu sana, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Alhamisi, 15 Mei 2025

Lazima niandike kila kitu.

Nilifika kituoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua bado halijapanda. Nikafungua kadi ya rangi kwa mara ya mwisho, bila imani. Na hapo, katika ule mwanga mweupe wa asubuhi, vitalu viligawanyika mbele ya macho yangu! Sita vilikuwa "Ziwa Tulivu". Sita vilikuwa "Chai Changa". Sita na sita! Chungu zina usamawati, tamu zimechangamka, kama kitabu kilivyosema. Nilikaribia kulia. Nikachomeka lebo zangu kumi na mbili kwa mikono miwili. Zilipendeza kama mawe ya makaburi ya matajiri.

Laiti siku ingeishia hapo.

Saa mbili na nusu Kiplimo akafika na daftari lake. Akapita kitalu kwa kitalu, akitazama daftari, akitazama lebo. Akafika mwisho, akanipiga bega, akasema safi kabisa, bro, zote ziko sawa, umenishinda hata mwandiko. Akaenda zake kupanga viti.

Nilibaki pale nikifikiri. Zote ziko sawa? Mtu anayegombania nafasi moja na mimi anakuja kuniambia niko sawa? Kwa faida gani? Kama lebo zangu zingekuwa sawa kweli, angenyamaza kwa wivu. Anayekusifu hivyo ameshaona kosa, na anataka ulibebe hadi mbele ya wageni. Nilimwona wazi kama naona kiganja changu. Kesho Ijumaa! Makofi ya Kimilili!

Saa tatu kasoro dakika kumi nikahamisha lebo zote kumi na mbili. Zilizoandikwa chungu zikaenda tamu, za tamu zikaenda chungu. Nilimaliza jasho likinitoka wakati gari la wageni linaingia langoni. Nikajifuta. Nikajiambia, Kituyi, umewaza hatua mbili mbele.

Kina mama walikuwa kama ishirini. Kiongozi wao ni Mama Akello, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara. Madam Jemutai akaniita mbele nieleze. Nikasimama kitalu cha kwanza. Nikatamka Crotalaria ochroleuca bila kujikwaa. Nikasema hii ndiyo ile tamu, inayopendwa na watoto na wagonjwa.

Mama Akello hakusoma lebo. Hata hakuitazama. Aliinama, akachuma jani moja, akaligeuza, akaling'ata ncha kwa meno ya mbele. Akatema. Akasema kama hii ni tamu, basi yeye ni msichana wa darasa la nne.

Wakacheka. Nikacheka nami, kwa heshima. Akahamia kitalu cha tatu nilichoandika chungu. Akachuma, akang'ata, akameza. Akawapitishia wenzake. Wakaenea vitaluni wote, wakichuma na kung'ata na kutema, wakiitana majina. Haikuchukua dakika tano. Kitalu cha kwanza, kosa. Cha pili, kosa. Mpaka cha kumi na mbili. Mmoja akasema huyu kijana amewabatiza mapacha akiwa amefumba macho. Mama Akello akamuuliza Madam kama ni mimi pia niliyeandika milango ya vyoo, maana wengine wao walitaka kwenda.

Kisha akaacha mzaha, na hapo ndipo niliogopa. Akaniambia, mwanangu, mimi nauzia mahoteli mawili na shule moja. Ningepanda hii yako robo eka nikidhani ni tamu, watoto wangeitema, shule ingenifukuza, na msimu umekwenda. Wewe ungekuwa umekaa ofisini.

Nilisema hali ya hewa imechangia.

Madam hakupaza sauti. Hiyo ni mbaya zaidi. Akamwomba Kiplimo daftari, akalinganisha na lebo, akasema zote kumi na mbili ni kinyume. Na Kiplimo, mnafiki yule, akanitetea mbele ya watu! Akasema yeye alizikagua saa mbili na nusu kwa macho yake na zilikuwa sawa, huenda kuna mtu amezichezea. Madam akanigeukia, akaniuliza nani amezichezea.

Nikasema nitalichunguza jambo hilo.

Mama wa palizi akanyoosha kidole. Alikuwa ameniona tangu mwanzo. Kwanza mawe, kisha kadi, kisha kutafuna, kisha kuhamisha. Akaeleza yote kwa mpangilio, kwa tarehe, kuliko kumbukumbu zangu mwenyewe. Kina mama walicheka mpaka wengine wakaketi.

Ninachosema ni hiki. Mtu akikosa sita kati ya kumi na mbili, huyo amebahatisha. Kukosa zote kumi na mbili kunahitaji ujuzi. Hakuna aliyelitaja hilo.

Ijumaa, 16 Mei 2025

Nimelala vibaya lakini nimevaa tai.

Madam Jemutai aliniita saa nne. Nafasi amepewa Kiplimo. Nilijua. Lakini akasema Kiplimo alimwendea jana jioni kuniombea, kwamba mwandiko wangu ni mzuri, faili zangu ni safi, na siku nilizokuwa sijaogopa sijawahi kukosea. Hebu fikiria! Ananiombea! Kuna kiburi kuliko hicho?

Madam akasema yuko tayari kuniongezea miezi mitatu, nifanye kazi chini ya Kiplimo. Sharti ni moja tu. Nisipojua kitu, niulize. Akasema Kiplimo angenijibu Jumatatu, mwenye nyumba wangu angenijibu Jumatano (nani alimwambia?), na yeye mwenyewe mlango wake hauna kufuli. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa kabisa. Miezi mitatu! Mama asingehitaji kujua lolote. Nilitoka nikiwa na ahadi moyoni ya kuuliza kila kitu kuanzia siku hiyo.

Nikapelekwa kwa Sylvia, katibu wa ofisi ya wafanyakazi. Ananizidi mwaka mmoja tu lakini hukaa kama mama mkwe. Akaniwekea fomu mbili mezani. Karatasi nyeupe zote mbili, nembo moja juu, aya tatu, mstari wa sahihi chini. Akasema kila anayemaliza mkataba hupewa zote mbili, atie sahihi moja na kurudisha nyingine. Akaanza kueleza kwamba hii ni ya kuendelea, na ile ni ya kuacha…

Nikamkatiza. Nilimwambia sikuja pale kufundishwa fomu, nina stashahada ya kumbukumbu, fomu ndizo kazi yangu. Akainua mikono akasema haya, ndugu yangu, karani ni wewe. Kisha akazikusanya na kuzigongesha mezani zikae sawa.

Hapo nikawa sijui tena ipi ni ipi. Kuzisoma mbele yake, aya kwa aya, kungemwonyesha kwamba sijui. Alikuwa ananitazama. Kwa hivyo nililinganisha kwa macho, kitaalamu. Pambizo ni sawa. Aya ni sawa. Herufi ni sawa. Lakini mstari wa sahihi wa moja ulikuwa mrefu zaidi, labda kwa upana wa kidole. Fomu ya kuendelea bila shaka humpa mtu nafasi zaidi. Nikatia sahihi kwenye mstari mrefu, jina lote, kwa mwandiko wangu bora.

Sylvia aliisoma. Akauliza kama nina uhakika. Nikasema nina uhakika kabisa. Akauliza tena, dada yule, eti Kituyi, una uhakika kweli? Nikamwambia mtu anayeulizwa mara mbili ameonewa mara mbili. Akagonga muhuri. Kisha, cha ajabu, akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanitakia kila la heri huko niendako.

Wivu umejaa ofisi ile.

Langoni askari akapigiwa simu kutoka ndani, akaniomba kitambulisho cha kazi. Nikampa. Nadhani vinabadilishwa, kwa kuwa sasa mimi ni mtu wa miezi mitatu. Nilitaka kumuuliza lini nitapata kipya. Lakini alionekana mtu wa kudharau wanaouliza, nikanyamaza.

Jumatatu nitafika saa kumi na mbili na nusu, kabla ya Kiplimo, ili nianze vizuri. Shati nimeshalipiga pasi.